Mwalimu Aliyechora Mapaa ya Watu

Nikuulize wewe unayejiona mjanja: paa la nyumba yako umeshawahi kuliona kwa juu, kama anavyoliona kunguru?

Hujaliona. Mimi nimeliona! Mimi bibi wa hapa Shanwe, Mpanda, niliyeishia kisomo cha watu wazima, tena katikati, maana aliyekuwa anatufundisha alihamishwa kabla hatujazimaliza herufi. Nimeliona paa langu lote, upande huu kutu, upande huu bati jipya alilopiga marehemu mume wangu mwaka tulipovuna mpunga vizuri. Nilipoliona nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia uwani. Nikasema, jamani, ndiyo Mungu anavyotuona? Kumbe anaona na kutu!

Aliyenionyesha ni Mwalimu. Jina lake ninalo lakini silitaji, maana mtaani hapa hakuna aliyekuwa anamuita kwa jina. Hata mkewe alikuwa anasema, "Mwalimu, njoo ule," na mkewe tukawa tunamuita Mama Mwalimu. Alifundisha jiografia shule za msingi huku na huku mpaka akastaafu, akajenga jirani na mimi. Marehemu mume wangu alikuwa rafiki yake, wanashinda wote wakisikiliza redio, kwa hiyo mimi akawa ananiita shemeji mpaka siku ya mwisho. Ameshatangulia sasa. Nisipomsema mimi, watu watabaki kusema alikuwa mzee wa kofia na simu, basi.

Na kweli, kofia na simu ndivyo ulivyokuwa unaviona kwanza. Kofia ya pama, imekaa kichwani mpaka imechukua umbo la kichwa. Simu kwenye mfuko wa shati. Simu ile alikuwa ameifundisha kuacha mstari kila anapopita, kama konokono. Kwa hiyo Mwalimu alikuwa hapiti njia moja tu kama watu. Anaingia kwenye kichochoro, anafika mwisho kwenye ukuta, anarudi, anaingia kinachofuata. Watu wakimuona wanacheka.

"Mwalimu, umepoteza nini?"

"Sijapoteza. Naokota."

Anajibu hivyo hivyo kila siku, na anacheka mwenyewe kama ndiyo kwanza kalisema leo.

Sasa alikuwa anaokota nini? Subiri nikueleze nilivyoelewa mimi. Kuna ramani humo kwenye mtandao, ya dunia nzima, ambayo haina mwenyewe. Siyo ya serikali, siyo ya tajiri. Watu wanajitolea. Kila mtu alipo anachora anachokijua: nyumba hii, njia hii, kisima hiki, zahanati iko pale. Halipwi mtu. Wengine wanaangalia picha iliyopigwa kutoka juu huko mbinguni, wanachora mapaa wanayoyaona, halafu wengine wanaokaa pale pale wanaandika majina. Nikamuuliza, "Sasa Mwalimu, mnajuana?" Akasema hapana, shemeji, ni kama watu wanachimba kisima cha kijiji usiku wa giza, kila mtu anasikia tu jembe la mwenzake.

Mimi hilo nilishindwa kulielewa muda mrefu. Mtu akufanyie kazi na hakujui, hata soda hujampa? Lakini alikuwa anafurahi yule mzee, weh! Anakaa kibarazani na ile kompyuta ya kukunja aliyoletewa na binti yake aliyeolewa Dar, anabonyeza kona, kona, kona, kona, anafunga. Nyumba imepatikana. Kona, kona, kona, kona. Nyingine. Kama mama anayesuka mkeka na mawazo yake yako mbali.

Siku moja akaniambia, "Shemeji, njoo uchore ya kwako."

"Mimi? Nitaiharibu dunia."

"Haiharibiki. Weka kwanza. Atakayekuja atarekebisha."

Hilo lilikuwa neno lake. Weka kwanza, atakayekuja atarekebisha. Alilisema kwa vijana wa sekondari aliokuwa anawafundisha Jumamosi, alilisema kwa mkewe chumvi ikizidi kwenye mboga, alilisema hata kanisani kwaya walipobishana wimbo. Basi nikaweka. Kidole kinapotea njia. Kona yangu moja ikaenda mpaka kwenye choo cha jirani. Nyumba ikawa kama gunia lililoanguka kutoka kwenye baiskeli. Nikasema futa, Mwalimu, watu wataniona. Akakataa, akaituma hivyo hivyo.

Hazikupita siku nyingi akaniita akiwa uwani kwake, anapunga kofia. "Shemeji! Kuna mtu kainyoosha nyumba yako!"

"Mtu gani?"

"Simjui. Anakaa nchi za baridi huko. Ameona kona imepinda, ameirudisha."

Nilikaa chini. Mtu yuko kwenye baridi, hajawahi kula hata muhogo wetu, ameacha shughuli zake ananyoosha nyumba ya bibi wa Shanwe! Nikamwambia Mwalimu, nielekeze, nimtumie kuku. Akacheka mpaka akavua miwani. Mpaka leo nikilala humu ndani nasema, nyumba hii niliichora mimi na mwenzangu wa kwenye baridi.

Lakini usidhani kila mtu alikuwa anampenda. Wengi walikuwa wanamuogopa. Mtu akikaa kiwanja chake hana uhakika nacho, akaona mzee na simu anazunguka, anajua wapimaji wamekuja. Akina mama walikuwa wanafunga milango. Kabungu huko alienda siku moja kuuliza majina ya vitongoji, akaingia kwa mzee mmoja wa Kisukuma, wale waliokuja na ng'ombe zao kutoka kaskazini. Mzee kasimama na fimbo, mbwa wamesimama na yeye.

"Mwangaluka, mzee," Mwalimu anasalimia kwa ustaarabu.

"Mwangaluka. Unahesabu ng'ombe wangu?"

"Sihesabu ng'ombe, baba. Nauliza tu hapa panaitwaje."

"Panaitwa kwangu."

"Na pale ng'ambo ya korongo?"

"Kwa mdogo wangu."

"Na kule kwenye bati linalong'aa?"

"Kule kwa mtu mbaya, usiandike!"

Wakacheka wote, akaletewa maziwa, na akarudi na majina ya kitongoji kizima. Lakini la yule mtu mbaya hakuliacha, alimfuata mwenyewe akamuuliza. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa anasema kwenye ramani hakuna mtu mbaya, kuna mtu ambaye njia ya kwake haijaonekana bado.

Maneno mazuri, eh? Sasa nikuambie na upande wa pili, maana mtu akisifiwa tu anakuwa siyo mtu tena.

Nyumba yake mwenyewe ilikuwa inavuja. Inavuja, mwanangu! Mvua ikianza, Mama Mwalimu anapanga masufuria kuanzia sebuleni mpaka chumbani, yanaimba ti, ti, ta. Na mzee yuko kwenye kona kavu na kompyuta yake, anachora mapaa ya watu. Mama Mwalimu alikuwa hana maneno mengi, lakini yakitoka yanakata. "Mume wangu ana nyumba dunia nzima," anasema, "mimi ndiye niliyepewa hii yenye matundu."

Halafu alikuwa anapotea. Mtu wa ramani! Hospitali alikuwa anazunguka mpaka wauguzi wanamshika mkono. Sokoni akiingia kwa upande wa samaki anatokea kwa upande wa mitumba na anashangaa. Siku moja tumetoka kuzika Kabungu, akasema anajua njia ya mkato, simu ikaisha chaji, ikabidi mtoto wa watu aliyekuwa anachunga mbuzi atutoe. Mimi nilicheka njia nzima. Yeye kanuna, anasema jua lilikuwa upande usio wake.

Na hili ndilo kubwa, ndilo lililonikaa mimi hapa kifuani. Alipenda ya mbali. Kukitokea mafuriko nchi ya watu, tetemeko nchi ya watu, wale wanaojitolea wanaitana huko kwenye mtandao: jamani, choreni haraka, waokoaji wanaenda na hawajui nyumba ziko wapi. Basi Mwalimu hali, halali vizuri. Anachora vijiji ambavyo hata majina yake kuyatamka hawezi. Macho yanakuwa mekundu kama ya mpika pombe. Mimi nilikuwa naona ni jambo zuri, siwezi kusema uongo. Mtu wa Mpanda anamtafutia mwenzake wa nchi nyingine njia ya kutolewa kwenye maji! Lakini nilikuwa namuuliza.

"Mwalimu, na kwetu je? Mbona upande wa Kasekese ukiangalia ni kijani tupu, kama hakujawahi kukaa mtu?"

"Tutafika, shemeji. Kwetu hakukimbii."

Nikuambie kwetu ni wapi. Mimi ni Mbende. Nimezaliwa Kalolo, ndani huko, unaingia kutoka Kasekese unatembea mpaka miguu inakasirika. Ukiuliza leo utaambiwa hakuna mahali panaitwa hivyo. Enzi zile za kuhamishiwa vijijini tulitolewa tukasogezwa barabarani, nyumba zikaachwa, miti ikarudi. Mama yetu alikuwa ameshafariki, tumemuacha kule. Nakumbuka mwamba mmoja mkubwa, bapa, mweupe, pembeni ya kijito. Akina mama wote walikuwa wanaanikia makopa pale, ule muhogo wa kukausha, na sisi watoto kazi yetu kufukuza nyani. Mwamba ulikuwa unachoma nyayo! Tunaruka ruka kama punje za mahindi kwenye kikaango. Mama alizikwa juu kidogo ya mwamba huo, kwenye kivuli.

Nilikuwa namsimulia Mwalimu hayo wakati anachora. Siku moja akasema, "Ngoja nikutafutie Kalolo." Akafungua ile picha ya kutoka juu, akaenda upande wa Kasekese, akapekua msitu kama mtu anayetafuta chawa kwenye kichwa cha mtoto. Anauliza, kijito kilikuwa mkono gani? Mlima? Mimi najibu ninavyokumbuka, lakini mwanangu, mimi pale nilipajua kwa miguu, yeye ananiuliza kwa juu. Mwishoni akapiga mkono kwenye goti.

"Hizi hapa! Unaona miduara? Nyumba za msonge zilikuwa hapa, misingi bado inaonekana."

Nikaangalia. Kweli, kulikuwa na miduara, kama alama za chini ya sufuria zikitolewa kwenye majivu.

"Ndipo hapo?" nikauliza.

"Ndipo, shemeji."

"Mbona mwamba siuoni?"

"Miti imefunika. Weka kwanza, atakayekuja atarekebisha."

Akaandika jina. Mimi kusoma kwangu ni kwa shida, lakini lile jina nililijua nilipoliona, lina fimbo na ungo, fimbo na ungo, mwishoni pale. Nililia, nikacheka, nikamshika mkono. Kalolo imerudi duniani! Nikampigia kaka yangu mkubwa Kabungu siku hiyo hiyo. Kaka alikuwa amezeeka, kifua kinamsumbua, na jambo lake lilikuwa moja tu: kabla hajaenda, akamuamkie mama. Kila kiangazi analisema. Watoto wake wamezaliwa Kabungu, Kalolo hawaijui. Njia ya zamani imeshakuwa mashamba na vichaka, yeye mwenyewe hawezi tena kuitafuta kwa mguu. Sasa ipo kwenye simu! Watoto wakaona, aah, kumbe rahisi. Wakamuweka baba yao kwenye pikipiki, mmoja mbele, mmoja nyuma amemkumbatia, wakaifuata ile alama.

Aliyenisimulia ni yule mwanawe wa nyuma. Anasema walihangaika kutwa. Walisukuma pikipiki kwenye mchanga, wakambeba mzee kuvuka korongo, mpaka simu ikasema mmefika. Wakamsimamisha. Mzee akaangalia huku na huku. Akachutama, akachukua udongo, akaunusa.

"Hapa sipo," akasema.

"Baba, simu inasema ndipo."

"Hapa kulikuwa na zizi. Huu ni udongo wa samadi. Sisi kwetu hatukufuga ng'ombe, mbung'o walikuwa hawaruhusu. Mama yangu hakukaa na ng'ombe."

"Sasa Baba, si ni zamani sana? Labda umesahau."

Akawaangalia wale watoto, nguo zimechanika na miiba, jasho linawatoka, wamekuja kwa ajili yake. Akatoa unga aliokuja nao kwenye kikaratasi, akaumwaga na maji kidogo, akaomba palepale, ili wasivunjike moyo. Wakarudi wanafurahi, wamemfikisha baba.

Mimi akanipigia. Akasema, "Mdogo wangu, nimewaamkia ng'ombe wa watu." Akacheka kidogo, kikohozi kikamkatisha. Nami nikacheka, si ndiyo kaka yangu alivyokuwa, hata msibani lazima aseme neno. Halafu akasema taratibu, "Sikufika." Kiangazi kilichofuata hakikumkuta.

Mwalimu alikuwa hajui. Alikuja kwangu asubuhi moja baada ya safari ile, kofia imekaa upande, uso unang'aa. Maana kwa mtu kama yeye hakuna furaha kubwa kama kusikia mtu ameshika njia kwa sababu ya alama aliyoweka yeye.

"Shemeji! Kaka yako alifika?"

Nikamwambia. Nilimwambia taratibu, sikuongeza kitu, na sikuwa na hasira. Akavua kofia. Sijawahi kumuona bila kofia zaidi ya kanisani. Akaenda kuchukua kompyuta, akakaa hapa hapa kibarazani kwangu, akaangalia ile miduara kwa karibu sana, pua inagusa kioo.

"Mazizi," akasema. "Wafugaji wamekaa hapa wakahama. Mimi nimeona mduara nikasema msonge. Miaka yote hiyo nawaambia watoto, usiandike mahali ambapo hujakanyaga wala hujamuuliza aliyekanyaga."

"Uliniuliza mimi, Mwalimu."

"Nilikuuliza, ukaniambia mwamba. Nikakujibu miti imefunika."

Akasema kiangazi kikifika tutaenda wote, mimi na yeye, nitamuonyesha mwamba, tutaiweka Kalolo panapostahili. Kiangazi kikafika, magoti yangu yakavimba. Kingine kikafika, kukawa na mafuriko huko nchi ya watu, akasema ngoja nimalize hawa. Halafu macho yake yakaanza. Kwanza alikuwa anasema kioo kichafu, anafuta, anafuta. Daktari akamwambia siyo kioo. Ni presha ya macho, na iliyokwisha kuondoka hairudi.

Na ile Kalolo ya uongo ikabaki pale pale. Hapo ndipo ninapoumia hata leo ninavyokusimulia. Nyumba yangu ya Shanwe ilipinda kona moja tu, mtu akatoka kwenye baridi akainyoosha. Kalolo imewekwa kwenye samadi ya ng'ombe, na hakuna aliyekuja. Nani aje? Wanaoijua tumebaki wa kuhesabika, na sisi hatuna simu za hivyo. Yeye alikuwa anaamini yupo mtu wa kurekebisha kila kitu. Kwa mapaa ya mjini yupo. Kwa Kalolo mtu mwenyewe alikuwa ni yeye.

Siku ya mwisho kuonana naye, Mama Mwalimu alikuja kuniita mchana. "Nenda kamuone mwenzako, binti amekuja kumchukua, wanaondoka na treni. Tangu jana anakutaja."

Nikamkuta uwani kwenye kiti, kofia magotini, ameikunja kunja ukingo. Macho wazi, lakini yanaangalia pembeni yangu.

"Shemeji, umekaa?"

"Nimekaa, Mwalimu."

"Hii hapa simu. Nataka unisaidie kutoa kitu."

"Mimi? Mimi sijui kusoma, wewe huoni, tutamuita nani?"

"Hatumuiti mtu. Wewe una macho, mimi nina vidole vyangu kichwani. Niambie unachokiona."

Basi tukaanza, mwanangu. Ungetuona ungecheka. Yeye anasema bonyeza palipoandikwa hivi, mimi nasema hapa kuna alama kama jembe limelala. Anasema siyo hiyo, rudi. Nikarudi nikatokea kwenye picha za harusi ya binti yake, nikaanza kuziangalia, mh, kapendeza! Anasema, "Shemeji, tuko kazini." Tukaenda, tukakosea, tukaenda tena. Nikauona upande wa Kasekese, kijani kile. Nikaiona miduara. Nikaliona jina.

"Nimeliona. Fimbo na ungo, fimbo na ungo."

"Ndilo. Liguse. Kumetokea nini?"

"Kimetokea kiboksi. Kuna picha ya ndoo yenye mfuniko."

"Hiyo ndoo ndiyo inayofuta. Iguse."

Kidole changu kikasimama. Nikamwambia, "Mwalimu, nikigusa hii, Kalolo haitakuwepo tena popote."

"Najua."

"Si bora ibaki hata pasipo pake? Angalau jina?"

Masufuria yalikuwa yameanikwa juani pale uwani, yale ya mvua, nikawa nayaangalia. Halafu akasema, "Kaka yako alikuwa mtu mzima, alijua udongo. Akienda mtoto asiyejua, ataamini. Ataomba pale. Na atawaambia wanawe ndipo."

Nikaigusa ile ndoo. Jina likaondoka bila sauti. Akaniambia tafuta mshale unaopanda juu, nikautafuta, nikaugusa, akasema basi, imeshakwenda kwa wote. Nilikuwa nimetoa kwetu duniani kwa kidole changu mwenyewe, na safari hii hakikupotea njia kama siku ile ya nyumba.

Sasa nikiwa bado nashika kile kioo, kikateleza kidogo, kijani kikasogea. Nikaona kitu. Mbali na ile miduara, ng'ambo ya kilima kingine kabisa, pembeni ya uzi mwembamba wa kijito. Kitu cheupe, kidogo, kama kanga imeanikwa kwenye majani.

"Mwalimu! Kuna cheupe hapa!"

Akanyanyuka kidogo kwenye kiti. "Cheupe chenye umbo gani?"

"Bapa. Upande wa juu kuna miti mikubwa. Mwalimu, ni mwamba huu! Ni mwamba wetu wa makopa! Tuweke! Niambie nibonyeze wapi, tuweke kwanza!"

Nilimuona ameshika mikono ya kiti. Uso wake ulitaka. Miaka yote ile nilijua uso wake ukitaka kitu unavyokuwa. Halafu akarudi nyuma polepole, akaivaa kofia.

"Hapana, shemeji. Hii usiweke. Mpaka mguu wako ukanyage."

"Mguu wangu upi, haya magoti?"

"Basi isiwekwe," akasema. "Nilikuwa na macho, nilikuwa na miguu, na wewe ulikuwa hapo ukuta kwa ukuta, kila siku unaniambia mwamba. Nikaenda kote."

Nikamwambia Mwalimu, waliokuwa kwenye maji nao walikuwa watu. Akatikisa kichwa, akasema ndiyo, walikuwa watu. Binti yake akatoka na mabegi.

Walimzika huko huko Dar. Mama Mwalimu karudi, paa lilishatengenezwa na binti, na anasema sasa mvua ikinyesha nyumba iko kimya mpaka anakosa usingizi.

Mwezi huu mjukuu wangu Zawadi amekuja likizo kutoka chuoni. Mke mwenzangu huyo, mdomo kama wangu. Nikamsimulia yote haya tukichambua mchele, nikategemea atanicheka. Akachukua simu yake, akaifungua, akapekua ule msitu mpaka akakipata kile cheupe, akanionyesha. Kipo. Nikamshika mkono haraka asije akagusa kitu.

"Niachie, Bibi, sigusi," akasema. "Mvua zikikatika tu nakuja na pikipiki, tena nakufunga kwa kanga mgongoni kwangu usidondoke. Tutafika pale, utavua viatu, utapanda juu ya huo mwamba wako. Ukisema ndipo, nitaandika. Ukisema sipo, tutapanda pikipiki tutafute tena."